Jicho Jekundu na Chupa ya Jirani

Katikati ya Januari 2024 Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Profesa Tumaini Nagu, alitoa taarifa kwa umma kuhusu mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu. Dar es Salaam ndiko wagonjwa walikojaa kwanza, mikoa mingine ikafuata, na muda si mrefu Mombasa na pwani ya Kenya nako watu wakawa wanafikicha macho. Mwezi uliofuata Mayotte nayo ilikuwa na mlipuko wake, na maabara huko zikamtambua mhusika: kirusi kiitwacho coxsackie A24. Onyo la wizara ya afya lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, kunawa mikono na kutochangia taulo, watu waliipokea vizuri. Ya pili iliwataka wasijitie dawa ambazo hawakuandikiwa wala vitu vya nyumbani, na hiyo iliingia sikio hili ikatokea lile.

Haukuwa ukaidi mtupu. Katika mitaa ya zamani ya Tanga kama Makorora, nyumba nyingi ni za Kiswahili, vyumba vya kupanga vinatazamana ukumbini, ua ni mmoja na beseni la kunawia linazunguka. Mtoto akirudi na jicho jekundu Jumatatu, Alhamisi nusu ya nyumba inaamka kope zimegandana kwa tongotongo. Kaskazi imeshika, joto halipungui hata usiku, jicho linakereketa, mwanga unakera. Kumwambia mtu wa namna hiyo akae wiki nzima bila dawa ni kumpa mtihani, na duka la dawa liko hatua chache kutoka mlangoni.

Mlipuko wa aina hii si mgeni duniani. Wimbi lake la kwanza kubwa lilionekana Accra, Ghana, mwaka 1969, miezi ileile chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, na Waghana wakaupa ugonjwa jina la Apollo, jina ambalo Afrika Magharibi bado wanalitumia. Tangu hapo wanasayansi wamewatambua wahusika wakuu, enterovirusi 70 na huyo coxsackie A24, mbali na adenovirusi ambao huleta macho mekundu ya kila mwaka. Hakuna tone katika duka lolote, Tanga wala London, linaloua virusi hivyo. Mwili wenyewe huvimaliza, kwa siku chache au, kwa adenovirusi, wiki mbili hata tatu.

Kwa nini basi kila mtu ana jirani aliyepona kwa kloramfenikoli? Kwa sababu angepona hata bila hiyo. Mwaka 2005 madaktari wa Oxford walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti wa watoto 326 wenye maambukizi ya macho. Baadhi walipewa kloramfenikoli, wengine chupa inayofanana nayo lakini haina dawa. Siku ya 7, waliopona kati ya waliopata dawa walikuwa asilimia 86, na kati ya waliopata chupa isiyo na kitu walikuwa asilimia 83. Na wengi wa watoto hao walikuwa na bakteria hasa, si virusi. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka huohuo Uingereza iliruhusu kloramfenikoli iuzwe bila cheti cha daktari.

Sisemi antibiotiki ya macho haina kazi. Jicho lenye usaha mzito wa njano au kijani, unaorudi kila ukiufuta, linaweza kupona mapema kidogo likipata kloramfenikoli au siprofloksasini. Ninachosema ni kwamba anayeitumia kwa macho mekundu ya virusi, mara nyingi hasara yake ni fedha tu, na kwa jamii ni kuwazoesha bakteria dawa. Kama mambo yangeishia hapo, makala haya yasingekuwa na haja. Lakini sikiliza mazungumzo ya kawaida kwenye dirisha la duka la dawa:

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Nipatie ile dawa ya macho, ya siku ile.

— Ile inayopoza?

— Ehee, hiyohiyo.

Ile inayopoza, mara nyingi, ni mchanganyiko wa vitu viwili katika chupa moja. Kuna antibiotiki kama gentamaisini, neomaisini au kloramfenikoli, na kuna steroidi, kwa kawaida deksamethasoni. Jicho jekundu likitiwa mchanganyiko huo huweza kuwa jeupe kabla ya siku mbili, na mgonjwa hana sababu ya kushuku kitu. Wekundu, uvimbe na maumivu ni alama za mwili kupigana. Steroidi haimuui mdudu, inawalaza walinzi. Mdudu akiwa ni wa kuondoka mwenyewe, mtu anapona na kuisifu chupa. Akiwa si wa kuondoka, anabaki ndani anafanya kazi yake kimyakimya, na jicho kwa nje ni safi.

Dawa inayotuliza jicho haraka kuliko zote ndiyo inayotaka daktari kuliko zote, na hilo watu wengi wamelipindua. Wanaiogopa ile inayochoma na kuiamini ile inayopoza.

Chukua maambukizi ya malengelenge ya herpesi kwenye kioo cha jicho, yaani ile ngozi angavu iliyo mbele ya mboni. Huanza kama jicho jekundu la kawaida, mara nyingi moja tu, lenye machozi na kukereketa. Kirusi hicho huchora kidonda chembamba chenye matawi ambacho macho matupu hayakioni. Tia steroidi pale bila dawa ya virusi na kidonda kinatanuka, kioo kinaingia ukungu, kovu linabaki mbele ya mboni maisha yote. Mkanda wa jeshi uliotokea kwenye paji la uso na kushuka hadi puani nao hauchezewi, maana mara nyingi unakuwa umelifikia jicho.

Kisha kuna kuvu, ambao wengi wetu tunawajua kwa jina la fangasi. Hawa wanapenda nchi za joto na watu wa shamba, na mlango wao ni mchubuko wa mmea. Mkoa wa Tanga una mimea ya kuchubua jicho tangu 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge kutoka Florida. Jani la mkonge lina mwiba mweusi nchani, na anayelikata huinama usawa wake. Ukiuacha mkonge, kuna mabua ya mahindi, makuti, pumba za mpunga siku ya kupepeta. Mbarara, Uganda, daktari Simon Arunga na wenzake walifuatilia wagonjwa zaidi ya 300 wenye vidonda vya kioo cha jicho na kuchapisha matokeo mwaka 2019: walio wengi walikuwa na kuvu, na walio wengi walikuwa wamekwisha kutumia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali. Kloramfenikoli haiwagusi kuvu. Steroidi inawalisha. Na dawa yao halisi, natamaisini, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 tu. Duka la mtaani si mahali pa kuitafuta. Mtu aliyechomwa na jani akakaa siku kumi na chupa ya kupoza anafika kwa daktari wa macho akiwa amepoteza siku ambazo jicho lilikuwa linaokoleka.

Balaa linaloniuma zaidi, hata hivyo, si la wakulima. Ni la watoto wa shule.

Kuna mzio wa macho unaowapata watoto, wavulana zaidi, kuanzia kama miaka 5 hadi kubalehe, na nchi za joto ndiko unakoshamiri. Utamjua mtoto mwenyewe: anafikicha macho kwa mgongo wa mkono mchana kutwa, weupe wa jicho umeingia rangi ya udongo, na asubuhi kuna ute mzito unaovutika kama uzi. Kinachotawala ni kuwashwa. Unakwenda na kurudi kwa miaka. Mzazi ananunua ile inayopoza, mtoto anatulia wiki mbili, muwasho unarudi, chupa nyingine inanunuliwa. Hakuna anayefanya uzembe hapo. Mama anamhudumia mwanawe kwa fedha yake.

Sasa tazama kinachotokea ndani. Karibu theluthi ya watu wakitumia matone ya steroidi mfululizo kwa wiki 4 hadi 6, presha ya ndani ya jicho hupanda kiasi. Kama 5 katika kila 100 hupanda mno. Kwa watoto huweza kupanda upesi kuliko kwa wakubwa. Presha hiyo, isichanganywe na presha ya damu, haiumi. Inausaga mshipa wa fahamu wa jicho kuanzia pembezoni, mtoto anaona mbele lakini anagonga madawati ubavuni, na mshipa ukishakufa haufufuki kwa dawa wala kwa upasuaji. Pamoja na hayo, steroidi ya muda mrefu huleta mtoto wa jicho, ule ukungu wa lenzi tuliozoea kuuona kwa wazee, kwa kijana ambaye hajamaliza shule. Mzio wenyewe, ambao ndio ulioanzisha yote, kwa wengi ungepungua wenyewe utu uzima ukikaribia. Mtoto huyo alihitaji kitambaa cha maji baridi, kukatazwa kufikicha, na matone ya kuzuia mzio kama kromoglikati ya sodiamu, ambayo yana kasoro moja kubwa ya kibiashara: yanafanya kazi polepole, hutiwa kila siku hata siku ambayo haumwi, na matokeo hutokea baada ya wiki. Dukani hayashindani na chupa ya siku mbili.

Steroidi yenyewe si adui. Mgonjwa mwenye uvimbe wa ndani ya jicho bila prednisoloni hupofuka, na baada ya kuondolewa mtoto wa jicho matone ya deksamethasoni ni sehemu ya matibabu. Tofauti ni kwamba huko kuna mtu amekwisha kuangalia kioo cha jicho, atapima presha, na atasema lini kupunguza na lini kuacha. Lakini hapohapo ndipo chupa nyingi za majumbani zinapotoka. Bibi amefanyiwa upasuaji, kapewa dawa ya wiki kadhaa, amepona, chupa imebaki robo. Haitupwi. Inawekwa kwenye kabati la vyombo karibu na dawa ya kikohozi, na mjukuu akiamka na jicho jekundu inashushwa. Hiyo ndiyo chupa ya jirani, na ikitembea vyumba vinne vya ua mmoja wakati wa mlipuko, ncha yake ikigusa kope za kila mtu, inakuwa yenyewe chombo cha kuenezea ugonjwa uliotafutiwa dawa.

Kuhusu vitu vya nyumbani nitakuwa mfupi, kwa sababu wahubiri wa afya wamevisema sana na mara nyingi kwa dharau isiyosaidia. Maziwa ya mama, maji ya chai, maji ya chumvi, mwarobaini, shubiri, asali, mate ya asubuhi, hata mkojo: vyote vinatiwa. Maziwa ya mama kwa mtoto anayenyonya ni chakula kisicho na mfano, lakini jichoni ni sukari na bakteria wa ngozi. Majani yaliyosagwa hubeba kuvu moja kwa moja hadi kwenye kidonda. David Yorston na Allen Foster waliochunguza vidonda vya kioo cha jicho katika hospitali ya vijijini Tanzania waliandika mwaka 1994 kwamba robo ya vidonda hivyo vilihusiana na dawa za kienyeji. Wanja wa manga nao, mbali na kuwa mara nyingi una madini ya risasi, hupakwa kwa kijiti kinachopita jicho la dada, la shangazi na la kitoto cha siku arobaini.

Ninachokipenda katika habari hii ni walichofanya watafiti wa macho Paul Courtright na Susan Lewallen kule Malawi miaka ya 1990. Badala ya kuwatukana waganga waliwakalisha wakazungumza nao, wakawafundisha kulitambua jicho la kupeleka hospitali na kuwaomba waache kutia kitu ndani yake. Baadaye wawili hao walihamia Moshi, hospitali ya KCMC, wakaendeleza kazi ya macho kwa ukanda mzima. Huku Tanga nako, mganga wa Pongwe au Amboni anaonana na wenye macho mabovu kabla ya daktari yeyote. Akiambiwa tu kwamba yeye ni mjinga, atatia dawa yake kwa siri.

Tuseme sasa dawa imeandikwa na mtu anayejua. Kazi haijaisha, kwa sababu chupa ndogo ya mililita 5 au 10 ina namna nyingi za kuharibika kabla ya kumaliza kozi. Ya kwanza ni kuifungua. Chupa nyingi za plastiki zinazokuja kutoka India zina kifuniko chenye msumari mdogo ndani yake. Ncha ya chupa imezibwa, na unatakiwa kukaza kifuniko hadi mwisho ili msumari utoboe tundu la kiasi. Watu hawaambiwi. Wanatoboa kwa pini ya hijabu au kukata ncha kwa wembe, tundu linakuwa kubwa, dawa inamwagika matonge matonge, na kozi ya siku 7 inakwisha siku ya 3. Plastiki iliyokatwa kwa wembe pia ina makali, na inakwenda kusogezwa kwenye jicho.

Kloramfenikoli ya matone haipendi joto. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji, na Tanga ya Februari ni kitu kingine kabisa. Ukiikuta imepangwa rafu ya kioo inayopigwa na jua la saa tisa, nenda duka jingine. Asiye na friji nyumbani aulize kama anaweza kupewa ya kupaka, ya tyubu, ambayo huvumilia joto la chumba na hukaa jichoni muda mrefu. Ubaya wake ni kuona ukungu dakika kadhaa, kwa hiyo ni ya usiku zaidi kwa dereva wa bodaboda. Ikishafunguliwa, chupa ina maisha ya siku 28, hata kama tarehe iliyochapwa inasema mwakani. Andika siku uliyoifungua kwa kalamu juu ya karatasi yake. Zikitimia, itupe, ikiwa tupu au imejaa.

Kutia kwenyewe ni kazi ya dakika moja ikifanywa sawasawa. Nawa mikono. Futa tongotongo kwa kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka ndani kwenda nje, na kila jicho na kitambaa chake. Kama chupa ina dawa inayotuama chini, itikise. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope la chini lifanye kimfuko, dondosha tone moja humo bila ncha kugusa kope wala kidole. Moja linatosha: tone la chupa ni kubwa kuliko nafasi iliyopo jichoni, la pili linashuka shavuni. Fumba taratibu, usipepese, kisha bonyeza kwa kidole ile pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika 5. Ya tyubu iwe ya mwisho. Mtoto anayepigana alazwe chali amefumba, tone liwekwe kwenye pembe ya ndani, na akifumbua litaingia lenyewe.

Hiyo pembe ya ndani ina siri. Pale kuna tundu linalopeleka machozi puani na kooni, ndiyo maana dakika chache baada ya kloramfenikoli unasikia uchungu ulimini. Dawa iliyokwenda huko haitibu jicho, na nyingine hudhuru mwili: tone la timololi, la presha ya macho, linaweza kumbana kifua mwenye pumu. Kubonyeza kunapunguza hilo.

Uchungu huohuo ndio unaozusha swali la Ramadhani, na kwa mji kama Tanga swali hilo lina uzito, maana wapo wanaoacha dawa mchana mwezi mzima. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi wa Waislamu wa pwani hii, jicho si njia ya wazi ya kuingilia tumboni, na kinachotiwa humo hakibatilishi saumu hata ladha ikifika kooni. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lenye makao Jeddah lilitoa azimio mwaka 1997 likiyaweka matone ya macho kati ya vitu visivyofunguza, kwa sharti mtu asimeze kilichofika kooni. Mwenye kidonda cha jicho anayetakiwa kutia dawa kila saa asingoje magharibi. Na anayependa tahadhari abonyeze ile pembe, ateme mate akisikia uchungu.

Usafi wa kiwandani si jambo la mgonjwa, lakini ajue kwamba upo. Mwaka 2023 huko Marekani yaliondolewa sokoni machozi ya bandia yaliyotengenezwa Chennai, India, katika mlipuko ambao watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa bakteria sugu aina ya Pseudomonas. Wanne walikufa, 14 walipoteza uwezo wa kuona, na wanne wakaondolewa jicho. Hayo hayakuwa maji ya mtaani. Yaliuzwa waziwazi yakiwa na chapa yake. Kwetu kazi ya kukagua ni ya TMDA, mamlaka iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019 katika mambo ya dawa na vifaa tiba. Cha kufanya mnunuzi ni kidogo lakini kipo: muhuri usiwe umevunjwa, maji yasiwe na vumbi ndani wala kugeuka rangi, tarehe isiwe imefutikafutika, na chupa isiuzwe kwenye meza ya mnadani.

Kichanga ni habari tofauti kabisa. Mtoto wa siku 28 za kwanza mwenye usaha machoni hapaswi kuanzishiwa dawa yoyote ya dukani wala maziwa. Anaweza kuwa amepata kisonono njia ya kuzaliwa, na mdudu huyo anaweza kukitoboa kioo cha jicho kwa siku chache mno. Hutibiwa kwa sindano hospitalini, na wazazi wote wawili hutibiwa pamoja naye, jambo ambalo akina baba wengi hulikwepa. Tangu daktari Credé wa Leipzig aanze kuwatia vichanga tone la nitrati ya fedha miaka ya 1880, dunia imejua kwamba upofu huu unazuilika mlangoni. Siku hizi hupakwa tetrasaiklini ya asilimia 1 mara tu baada ya kuzaliwa. Mama anayejifungulia nyumbani aulizie hiyo siku ya kwanza atakapokwenda kliniki.

Tetrasaiklini hiyohiyo ina somo jingine. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa ya vikope, trakoma, na ilitakiwa kupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Watu hawakuweza. Inaukungisha jicho, inanata, mtoto anakimbia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampeni zikahamia azithromaisini ya kumeza mara moja, na Tanzania ilikuwa katika nchi za mwanzo kuipokea. Wataalamu wenyewe walikubali kwamba dawa nzuri isiyotiwa haina maana. Anayemwandikia mama muuza samaki matone ya kila baada ya saa mbili akumbuke hilo, amuulize nani atamtilia akiwa sokoni.

Ni jicho lipi, basi, lisilongoja? Linaloumia kwelikweli, si kukereketa tu. Lisilostahimili mwanga. Linaloona ukungu hata baada ya kufuta tongotongo. Lenye doa jeupe kwenye kioo. Jekundu upande mmoja tu siku ya tatu. La mvaa lenzi. Lililochomwa na jani, chuma au cheche za kuchomelea. Lililoingiwa na chokaa, saruji au asidi ya betri lioshwe kwanza kwa maji safi mengi, nusu saa nzima, hapohapo bombani, kabla ya kuwaza usafiri. Wa Makorora wana kituo cha afya mlangoni, na Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, si mbali kwa bajaji. Kilichowashinda hao hupelekwa hospitali za KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam.

Nimemzungumzia mgonjwa sana, lakini siamini kwamba mzigo huu ni wake. Mtu mwenye maumivu atanunua anachouziwa. Tanzania ilianza Ruvuma mwaka 2003 kuwafundisha wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, na muuzaji aliyefundishwa anaweza kuuliza mambo manne kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu: moja au yote mawili, linaumia au linawasha, unaona vizuri, kuna kitu kiliingia? Chupa yenye steroidi iwe nyuma ya cheti, na cheti kiwe cha mtu aliyekiangalia kioo cha jicho.

Kukiangalia hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kuna vipande vya karatasi vyenye rangi ya chungwa, fluoresini, ambavyo hulowanishwa na kugusishwa ndani ya kope. Ukimulika kwa tochi ya mwanga wa buluu, palipo na kidonda panawaka kijani. Matawi ya herpesi yanaonekana, mchubuko wa mkonge unaonekana. Nesi au tabibu wa kituo cha afya hufundishwa kazi hiyo kwa asubuhi moja. Kila chumba cha wagonjwa wa nje kinachoandika matone ya macho kinapaswa kuwa navyo mezani, na panapowaka kijani, steroidi isiandikwe hadi daktari wa macho aseme.